Maziwa Yaliyolazwa Upya

Fundi wa mafriji yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu, alikuwa na maneno yake ambayo kila mteja aliyapata bure pamoja na matengenezo. "Taa kuwaka maana yake umeme upo," alizoea kusema huku akifuta mikono kwenye suruali. "Baridi pima kwa mkono wako." Aliwaambia wauza nyama, wauza dawa, na akina mama waliokwisha kumsikia mara kadhaa. Wengine walimtangulia kuyasema ili aondoke mapema.

Kazi yake ilikuwa baridi, lakini raha yake ilikuwa bia. Alijipikia mwenyewe nyumbani, kwa kimea na hamira, katika ndoo nyeupe yenye mfuniko, na aliipenda shughuli hiyo kama wengine wanavyopenda mpira. Shida ilikuwa joto. Ndoo ikikaa stoo hivi hivi, hamira ilipandwa na wazimu, ikachachua haraka haraka, na bia ikatoka na harufu ya gundi. Marafiki waliinywa kwa heshima tu. Ndipo alipookota friza iliyotelekezwa na mteja, akaifufua na kuichomeka kupitia kidude cha kupimia joto, chenye waya ambao ncha yake aliibandika ubavuni mwa ndoo. Ndoo ikipata joto, kidude kiliwasha friza, ikipoa, kiliizima. Friza haikugandisha kitu tena. Ilibaki na ubaridi wa asubuhi tu, na bia ikaanza kutoka safi.

Kisha mtoto akazaliwa, na friza ikabadilishwa kazi. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi katika kiwanda cha mabati, na likizo ya uzazi ikiisha angeshinda huko mchana kutwa. Alitaka mtoto aendelee kunywa maziwa yake. Barafu akatoa ndoo, akachomoa kidude, akatangaza kwa mbwembwe kwamba tangu siku hiyo friza ni ya mama mtoto, mtu asiiguse.

Mkewe akaanza kukamua. Hakuwa na maziwa mengi. Aliamka kabla ya mtoto, akakaa ukingoni mwa kitanda ameuma meno kwa sababu ya vidonda vya chuchu, na mara nyingine alichopata kilifunika kitako cha kikombe tu. Alikitia kwenye mfuko mdogo, akaandika tarehe, akaulaza mfuko kwenye sinia mpaka ugande ukiwa bapa, kisha akausimamisha na wenzake ndani ya kikapu kama vitabu kwenye rafu. Kikapu kilijaa polepole. Siku kilipojaa alimwita mumewe aje kukiona, na wote wawili wakasimama pale wakikitazama kama watu waliojenga nyumba.

Likizo ilipokaribia kuisha, alisafiri na mtoto kwenda kumchukua mama yake, ambaye ndiye angekaa na mjukuu. Wakati huo huo kaka yake Barafu, aliyekuwa kazini mbali kwa muda mrefu, akapiga simu kusema anakuja. Barafu alikuwa amemsifia sana bia yake. Sasa hakuwa na hata chupa, na jua la siku hizo lilikuwa la kukaanga mayai.

Mtu akishataka jambo, hakosi hoja. Maziwa yangeweza kukaa kwenye friji ya jikoni, kwenye sehemu ya kugandishia, kwa siku chache. Yangebaki mawe vile vile. Mkewe asingejua, kwa hiyo asingeumia. Akahamisha mifuko kwa uangalifu, akarudisha ndoo na kidude, na mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Bia ilichacha taratibu. Alipoitia kwenye chupa, akaisafisha friza, akarudisha kikapu na mifuko yake, akatazama taa ya kijani inawaka, akaenda kazini akipiga mluzi.

Taa ile ilikuwa ya kidude. Hakuwa amekichomoa. Ncha ya waya ilikuwa bado inaning'inia ndani, na kwa kadiri kidude kilivyojua, kilikuwa bado kinalea ndoo ya bia.

Aligundua siku moja kabla ya mkewe kurudi, alipofungua kutafuta nafasi ya chupa. Mifuko ilikuwa imelegea na kukunjamana chini ya kikapu. Aliushika mmoja, nao ukacheza mkononi. Yeye, Barafu, aliyewahi kumgombeza mwenye bucha mbele ya wateja wake kwa kuamini taa.

Kama angebaki hapo, lingekuwa kosa la kusahau, na kusahau kila mtu husahau. Lakini hakubaki hapo. Alifungua mfuko mmoja, akaunusa, akajiambia haunuki vibaya, ingawa hakuwa na hakika na pua yake. Kisha akachomeka friza ukutani moja kwa moja, akachukua sinia la mkewe, akalaza mifuko, akiipapasa kwa kiganja mpaka ikawa bapa, tarehe zikiangalia juu. Ilipoganda akaipanga kikapuni kama zamani. Hajawahi kufanya kazi safi kama ile.

Mkewe alirudi, na kabla ya kuvua viatu akampeleka mama yake stoo. "Ona, mama. Baba mtoto amenitunzia." Mama mkwe akamtazama Barafu kwa upole, akasema, "Mungu akubariki, baba." Barafu akaitikia amina, na usiku kucha hakulala. Alijihesabu mwizi. Alijiambia watoto wangapi wamekunywa mabaya zaidi wakapona, halafu akageuka upande wa pili na kumwona mwanawe amelala mdomo wazi.

Asubuhi ya mkewe kurudi kazini, Barafu alitoka mapema na mkoba wa vifaa. Alifika getini. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na alisikia mama mkwe akimwimbia mtoto huku akimimina maji ya moto kwenye bakuli. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo, lakini hakulifungua. Akageuka, akarudi ndani.

"Mama, naomba usimpe."

"Nisimpe nini, baba?"

"Hayo maziwa. Yaliyeyuka mkiwa safarini. Nikayagandisha tena."

Mkewe alikuwa mlangoni amevaa sare yake, kiatu kimoja mkononi. "Umeme ulikatika?"

Mlango huo wa uongo ulikuwa wazi, na angeweza kupita. "Haukukatika. Niliweka ndoo yangu. Niliporudisha maziwa, nikasahau kuchomoa kidude."

Mkewe akauchukua mfuko mkononi mwa mama yake, akaugeuza. "Mbona umelala vizuri hivi?"

"Niliulaza mimi. Kwenye sinia lako."

Mama mkwe akambeba mtoto, akaingia naye chumbani. Mkewe akapiga simu kazini kusema atachelewa, akaleta kikapu, akampa mumewe mkasi. Barafu alikata, yeye akamwaga kwenye sinki, na kila mfuko aliusoma kwanza. "Huu ni wa siku alipopata homa. Huu nilikuwa nalia." Barafu alitamani atukanwe. Walipomaliza akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta adhabu, kwamba anakwenda kumwaga bia yote.

"Usimwage," mkewe akasema akivaa kiatu. "Kaka yako anakuja."

Kaka akaja. Mtoto siku hizo alikuwa akinywa maziwa ya kopo mchana na kuyatema nusu. Chupa zikafunguliwa, na ilikuwa bia nzuri kuliko zote alizowahi kupika, nyepesi, safi, haina hata chembe ya gundi. Kaka aliinua glasi kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Hii siri yake nini?"

Barafu akatazama glasi yake. Mkewe, aliyekuwa akipita na taulo begani, ndiye aliyejibu.

"Friza, shemeji," akasema, akaingia chumbani kukamua.