Simu Iliyozimwa Siku ya Posa

Nyumbani kwa baba mkwe wangu, karibu na Bumbuli, mtoto hali kabla ya mkubwa. Wageni wakija, wazee wa kiume hunawa kwanza, kisha wanaume wengine, kisha sisi wanawake, na watoto hukaa kando ya ukuta wa jikoni wakimeza mate mpaka waitwe. Nami nimelelewa hivyo hivyo upande wa Mponde, na sikuwahi kuona ubaya wake. Mtoto aliyefundwa hasemi ana njaa mbele ya wageni. Binti yangu alifundwa vizuri, tena na babu yake mwenyewe.

Kisha akaanza kukonda. Sketi ya shule ikawa inamvuka, anamaliza maji ya mtungi na bado anataka mengine. Nikasema ni minyoo. Hospitali wakasema ni kisukari, nami nikawabishia. Kisukari nilichokijua kilikuwa cha watu wazima wenye vitambi. Nikamwambia daktari apime tena, akapima tena bila kununa, namba ikawa ile ile. Nililia pale pale kwenye benchi na sikuona haya.

Muuguzi wa kliniki, mdogo kabisa kwangu, aliiomba simu yangu yenye kioo kilichopasuka akaniwekea programu. Mtoto anatobolewa kidole, kipimo kinatoa namba, namba unaiingiza kwenye simu pamoja na chakula anachotaka kula, nayo inakupa kipimo cha insulini kama daktari alivyopanga. Ukishamchoma lazima ale, la sivyo sukari inashuka mpaka azirai, kwa hiyo baada ya nusu saa simu inasema kwa sauti ya mwanamke: "Ni wakati wa kula." Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa akiisikia tu ananipigia kelele toka uani, "Wifi, mke mwenzio anaita!"

Mtandao kwetu unapatikana juu, kwenye mashamba ya chai ninakochuma. Nikifika mistari ya mwisho na kapu mgongoni, simu inaguna, ndipo najua namba zetu zimemfikia muuguzi. Haipiti muda anauliza: "Dada, jana jioni alikula nini?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Nani anapenda kuhojiwa na mtoto wa watu kuhusu sufuria lake? Lakini alikuwa akiniambia punguza hapa, ongeza pale, na mwanangu akaanza kujaza ile sketi yake. Muda si mrefu akawa anaijua programu kunishinda mimi, ananisahihisha nikikosea kuandika viazi. Nilianza kulala usingizi wa kweli.

Ndipo wakaja wageni kutoka Mtae kumposa wifi. Tulipika pilau tangu asubuhi. Nilipoona sahani zinapangwa nikajua chakula kimefika, nikampima binti yangu, nikamchoma sindano, nikaichomeka simu chajini chumba cha wageni kwa sababu soketi nzima iko huko. Wageni wakasema hawatatia mkono kwenye sahani mpaka neno lao lijibiwe. Desturi hiyo naijua. Sikutegemea tu kwamba watu waliotikiswa na gari njia yote ile wangebaki na nguvu ya kuifuata.

Pilau likafunikwa. Maneno yakarefuka, kila mzee akianzia kwa mababu. Mimi niko uani nasuuza glasi, sikio langu liko kwa mke mwenzangu, nangoja aseme. Kumbe alikuwa ameshasema. Simu ilipolia, baba mkwe alikuwa katikati ya kumjibu mgeni. Akadhani ni mtu anapiga, akaona ni utovu wa adabu, akaibonyeza mpaka ikazima, akaendelea na hotuba yake.

Binti yangu alikuwa ukutani na wenzake. Baadaye aliniambia aliona mikono inatetemeka, na pipi za dharura, za kupandisha sukari, zilikuwa mfukoni mwake. Hakula hata moja kwa sababu wageni walikuwa hawajala.

Mtoto wa jirani ndiye aliyenijia mbio. "Mama, anaongea maneno hayaeleweki." Nikamkuta ameloa jasho, ananitazama kama hanijui. Kwa bahati kumeza alikuwa bado anaweza. Nikakoroga sukari kwenye kikombe, nikamnywesha kidogo kidogo huku nikimwita. Wazee wakatoka kuona kuna nini. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema huyu asomewe, ana kitu kimemwingia.

"Ana njaa!" nikafoka. "Mtoto ana njaa na pilau limejaa humo ndani!"

Nilifoka hivyo mbele ya wakwe, mbele ya wageni wa posa, kanga imenianguka begani. Binti yangu alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wageni wameshakula.

Posa haikuvunjika, ila wageni waliondoka na jibu la nusu, kwamba warudi kuzungumza mahari. Mimi nikajipangia yangu. Kuanzia hapo, kwenye kila mkusanyiko nilimpitisha binti yangu nyuma ya banda la ng'ombe na sahani chini ya kanga, ale upesi, apanguse mdomo, arudi kwa wenzake. Tulifanya hivyo kwenye maulidi, tukafanya kwenye hitima ya jirani. Nikaona nimekuwa mjanja.

Siku moja akaikataa sahani. "Mama, sitaki kula kama mwizi. Nitangoja na wenzangu."

Nilitaka kumchapa, nikataka kumkumbatia, sikufanya hata kimoja. Niliogopa sana. Sindano naijua, namba nazijua, muuguzi ninaye. Ila mtoto akiamua kwamba heshima ni bora kuliko chakula, ningemwamrisha nini, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo?

Sijui nani alimweleza baba mkwe habari ya sahani ile. Jioni moja akaniita barazani, amevaa miwani yake.

"Mwanangu, hebu nionyeshe hiyo simu."

Nikapiga goti, nikamwonyesha pa kuandika namba na pa kuandika chakula. Akauliza taratibu, kila kitu mara mbili. Mwisho akasema, "Yule mwanamke siku ile alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema ni wakati wa kula, baba."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka lake. "Nami nikamnyamazisha," akasema.

Wageni wa Mtae waliporudi kwa ajili ya mahari, baba mkwe aliniomba simu mara nilipomaliza kuingiza namba na kumchoma binti yangu sindano, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Nikaenda kusimama mlangoni na sinia la pilau, nikiwa nimekwisha kuliangalia banda la ng'ombe kwa mbali, endapo mambo yatakwama. Msemaji wa wageni alikuwa ndiyo kwanza anaanza utangulizi wake. Kanzu ikasema: "Ni wakati wa kula."

Baba mkwe akainua mkono kumsimamisha msemaji. Tangu niolewe sijamwona akimkatiza mgeni. Akamwita mjukuu wake. Mtoto akaingia ameinamisha kichwa, akapiga goti na kuwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, nami nikihesabu dakika kwa kila shikamoo. Babu yake akachukua birika na kumnawisha mikono yeye mwenyewe. Kisha akaniashiria niweke sinia.

"Kula," akamwambia.

Binti yangu akamtazama, akawatazama wazee. "Babu, wageni hawajala."

"Wageni wanaweza kungoja. Wewe huwezi."

Akatia mkono kwenye pilau. Msemaji wa Mtae, mdomo bado uko wazi na maneno yake ya mababu, akaufunga, akaweka sawa kofia yake, na chumba kizima cha wazee kikakaa kimya kumngoja mtoto ashibe.