Jirani wa Kuazima

Jirani wa Mwaija pale Sindeni ana michi mitatu, lakini Sadala, mume wa Mwaija, akianza tu kumfokea mkewe, jirani huyo hupiga hodi kuazima mwingine. Husimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga, sauti ya upole kabisa. Ameshaazima mwiko, akaazima na bakora. Kila kilichowahi kumpiga Mwaija sasa kiko kwake, na hajarudisha hata kimoja. Jana Mwaija, mgongo ukutani, alisikia hodi, akatazama mlangoni: nyuma ya jirani walijaa wanawake kumi na mmoja.

"Bibi, leo unaazima nini tena? Nyumba umeshaimaliza!" Sadala aliuliza.

"Leo namwazima Mwaija, baba."

"Utamrudisha lini?" Sadala alifoka.

Jirani aligeuka amuulize mwenyewe, lakini Mwaija alishavuka uwanja, kandambili mkononi, anacheka.