Neno Mbele ya Jina la Kaka

Siku ya pili baada ya kuzika tunda, niliondoka nyumbani asubuhi bila kujua ninakoenda. Mlangoni mwa nyumba yangu ndogo palikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi. Baba ndiye aliyeviweka. Niliviruka, nikafuata tuta la mfereji wa mashamba ya mpunga hadi barabara kuu pale Ahero, kisha nikaelekea upande yalikokwenda malori mengi zaidi, yaani Kisumu.

Sikuwa mgeni wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la sita. Mto Nyando ulifurika ukaingia darasani, tukaambiwa tukae nyumbani, na maji yalipokauka wenzangu wakirudi, mimi nilikuwa Awasi nikiswaga ng'ombe wa mnada. Baada ya hapo nilichoma matofali, nikashona viatu, nikapika chai kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Kila nilikofika niliuliza maswali hadi watu wakanichoka. Lakini safari hizo zote niliondoka ili nikaone kitu. Hii nilikuwa naacha kopo la rangi.

Kwa wazazi wetu tulizaliwa wawili tu, kaka yangu na mimi. Alinitangulia kwa miaka sita na kwa vitabu vingi. Mimi nilipoacha shule hakunigombeza. Alisema tu kwamba Kiingereza atanifundisha mwenyewe, na alifanya hivyo likizo zake zote, juu ya ulingo wa miti katikati ya mpunga, tukifukuza ndege kwa mawe na mikebe.

Alichopenda kunifundisha zaidi ya yote ni lile neno dogo "the", na ni majina yapi hulivaa na yapi hayalivai. Dholuo, lugha yetu, haina neno la namna hiyo, wala Kiswahili, kwa hiyo nililiona kama kofia ambayo Waingereza huwavika baadhi ya watu na kuwanyima wengine bila sababu.

"Omera, Nyando?" alikuwa akiuliza, omera kwetu likiwa "ndugu yangu".

"The Nyando."

"Ziwa letu?"

"Lake Victoria. Bila kitu."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye mwalimu, mimi nitajuaje?"

"Mto unakwenda," alisema. "Usipoushika na 'the' utakimbia. Ziwa limekaa. Litakimbilia wapi?"

"Na bahari je? Mbona bahari wameivika?"

"Bahari nayo hutembea. Tupa jiwe, bwana, ndege wanakula mpunga wako!"

Najua sasa kwamba alikuwa akibuni. Hata hivyo sijapata mwalimu mwingine ambaye sheria zake zimenikaa hivyo. Kenya bila, Uganda bila, lakini Sudan siku zile vitabu viliivika. Mlima mmoja bila, safu ya milima na kofia yake. Na mtu? Nilimwuliza hilo siku moja jua likiwa kali, naye akafikiri kidogo.

"Mtu mmoja hapewi chochote. Jina lake linamtosha. Ila wakiwa nyumba nzima, baba, mama na watoto, hapo wanapewa." Akanyoosha mkono kuelekea kwetu, ambako moshi ulikuwa ukipenya nyasi za paa la jiko la mama. "Sisi pale sote kwa pamoja, tunalo."

Nilifurahi kupita kiasi. Kwamba sisi, na kuku wetu, na baba mwenye shati moja la kanisani, tuliandikwa kama safu ya milima.

Kaka alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Jinja. Vijana wengi wa kwetu walikwenda Uganda miaka hiyo, na kila Krismasi walirudi na viatu vya kung'aa. Yeye alirudi Krismasi tatu. Ya nne hakuja. Tulikuwa tumeshasikia kwamba wanajeshi wameshika nchi na kwamba mambo yameharibika, lakini mama alichinja jogoo, akaweka firigisi pembeni kwenye sahani ya kaka. Ya tano pia hakuja, na mama akachinja tena.

Kisha akaja mtu mmoja aliyefanya naye kazi, mwenyeji wa kule Awasi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayetaka kukimbia. Alisema askari walifika kazini wakamwita kaka kwa jina, wakamtia kwenye buti la gari, wakaondoka naye.

"Ulimwona amekufa?" mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi."

"Mama, waliotiwa kwenye buti lile hawakurudi. Hata mmoja."

"Mimi nimekuuliza kama ulimwona."

Yule mtu akamtazama baba. Baba alikuwa akiangalia sakafu.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haizikwi hewa. Huzikwa tunda la yago, mti ule unaoning'iniza matunda marefu mazito kama miguu ya watu. Tunda hukatwa, huvikwa nguo, hulazwa kaburini na kuliliwa, ili aliyepotea apate mahali pa kulala nyumbani kwake na asitangetange. Baba alingoja mvua ndefu na mvua fupi zipite. Kisha akasema tutazika.

Alikwenda mwenyewe mtoni akalikata. Tulilifunga kwa shuka jeupe ambalo kaka alimletea mama Krismasi yake ya mwisho. Tulipolibeba, mjomba mmoja akauliza, "Kichwa kiko wapi?" Hakuwa akitania, na hakuna aliyecheka. Wazee walishauriana, wakaonyesha upande kilikokuwa kikonyo, nami nikajikuta ndiye niliyeshika kichwa. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Lilikuwa pia baridi, lina umande wa asubuhi, na uliloanisha shuka hadi mikononi mwangu.

Mama hakutoka jikoni. Wanawake walilia kaburini, wakaja mlangoni kwake. "Njoo umlilie mtoto wako, Mama."

"Nimlilie nani? Nilizaa tunda mimi?" Akaendelea kusogeza kuni motoni kupikia wageni. Hakuna hata mgeni mmoja aliyekosa chakula.

Mimi pia sikulia. Sikujua nisimame upande gani. Nikiwa kaburini na baba niliona aibu kwa mama. Nilipokwenda jikoni nikaona aibu kwa baba.

Kesho yake baba alileta msalaba wa mbao na rangi. Misalaba ya kanisa letu iliandikwa kwa Kiingereza, hata kwa wazee ambao hawakujua neno moja la lugha hiyo, na mwandishi nyumbani nilibaki mimi. Baba alisema niandike kama ilivyo kwa wengine: THE LATE, kisha jina. Nilipiga mistari kwa penseli, nikaandika polepole, nikatia mbao hiyo juani.

Mama alipita na ndoo, akasimama. Hakujua kusoma. Lakini jina la mwanawe alilijua kwa macho, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye sanduku lake la bati la shule, ambalo alilipanguza kila Jumamosi.

"Mbona refu?" akauliza. "Jina la mtoto wangu si refu hivi."

"Kuna maneno mbele yake, Mama."

"Yanasema nini?"

Nilitaka kumwambia jambo jingine. "Yanasema amefariki. Ndivyo Wazungu wanavyomtaja marehemu."

"Yafute."

"Baba amesema..."

"Nyathina, mimi sikukuuliza baba amesema nini."

Nyathina ni mtoto wangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nilipoanza kunyoa ndevu. Nilipokaa bila kusogea, aliingia jikoni, akatoka na kisu, akapiga magoti mbele ya msalaba na kuanza kukwangua. Rangi ilikuwa mbichi bado, ikajikunja kwenye makali kama maganda. Alikwangua neno la kwanza, akakwangua la pili. Alipofika kwenye herufi ya kwanza ya jina alisimamisha kisu, akaipuliza mavumbi, akaenda zake na ndoo.

Baba alikuta mbao ikiwa na doa mwanzoni. Hakupiga kelele. Alikaa chini kando yangu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Kijana yangu, unadhani mimi nataka awe amekufa?"

"Hapana, Baba."

"Mama yako anamngoja. Akimngoja, yeye atakuwa njiani siku zote. Usiku, mvua, yuko njiani tu. Mimi nataka alale." Akagusa lile doa kwa kidole. "Utayaandika tena."

Na asubuhi ile kopo likawa mlangoni. Ningeandika, ningekuwa nimemfukia kaka mbele ya mama. Nisipoandika, baba angeona kwamba namwacha mwanawe barabarani. Hakukuwa na neno la tatu.

Nilifika Kisumu saa za mchana. Nilitembea mjini nikisoma vibao vya maduka, kwa mazoea tu, nikitazama ni vipi vimejivika kile kikofia na vipi havina. Hoteli zilikipenda. Makanisa pia. Nilikuta kibao kimoja kilichokosewa, nikageuka kando yangu nicheke na kaka, kisha nikaendelea na njia.

Pale Otonglo, kwenye soko la kando ya barabara ya Busia, nilinunua viazi vitamu vya kuchemsha. Lori lilikuwa limesimama likipakiwa vikapu vitupu vya samaki. Utingo wake alinikuta nikiangalia.

"Wewe unaangalia tu? Mikono umeiacha kwenu?"

Nikasaidia kupakia. Tulipomaliza akaniuliza ninakwenda wapi.

"Nyinyi mnakwenda wapi?"

"Port Victoria."

"Basi huko."

Akacheka. "Huyu hata hajui anaenda kuzika au kuoa! Panda."

Port Victoria nilikuwa sijafika. Niliijua kwa jina, na nilijua kwamba kutoka hapo mitumbwi huvuka kwenda visiwa vya Uganda. Sitasema sikulifikiria hilo nikiwa juu ya vikapu. Nililifikiria njia nzima. Nilimwona kaka mahali fulani ng'ambo, amekonda, akiniuliza mbona nimechelewa.

Tulifika jua likiwa bado juu ya maji. Utingo alinielekeza kwa mama mmoja aliyekaanga samaki mbele ya nyumba ya mabati yenye vyumba vya kupangisha. Alikuwa mnene, kifundo kimoja cha mguu kimefungwa kitambaa, na aligeuza samaki kwa vidole bila kuogopa mafuta.

"Chumba kiko. Wewe ni mtu wa kuvuka?"

"Sijui, Mama."

"Wote wanasema sijui. Wanakuja hapa wanakaa kwa hiyo benchi, wanaangalia maji." Akaniangalia mimi. "Nani yako alipotea?"

"Kaka."

"Watu wa kuvusha wako hapa. Kesho asubuhi ukitaka nitakuonyesha mmoja, si mwizi. Kwenda si shida. Wengine walienda kuuliza ndugu yao, sasa wanaulizwa wao." Alitoa samaki mmoja kwenye mafuta, akaweka mwingine. "Mama yako ako?"

"Ako."

"Ana watoto wangapi wamebaki?"

"Ni mimi peke yangu," nikasema.

Neno lilitoka hivyo, bila kusita, kama mtu anayetaja kijiji chake. Hakuna aliyenilazimisha. Baba hakuwepo, wala mama, wala mbao. Nilisikia nilichosema baada ya kukisema: nilikuwa nimeshamtoa kaka katika hesabu.

Yule mama hakusema pole. Alipanguza mikono kwenye leso, akafungua fundo, akatoa ufunguo.

"Basi wewe huvuki," alisema. "Chumba cha mwisho. Maji ya kuoga iko nyuma. Samaki nitakuletea."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo linalotazama ziwa. Nilifunga mlango, nikafunga na dirisha. Nilikaa kitandani nikiwa na viatu, nikamlilia kaka yangu kwa sauti, mchana bado, watu wakipita nje na vikapu vyao.