Kamba ya Katani Katikati ya Maboga

Juzi Jumanne mlinzi wa geti la ghala kule Shakopee, Minnesota, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyenasa jambazi. Ni kijana wa Kenya, mwanafunzi wa chuo, analinda siku ambazo hana darasa.

"Mzee, kuna mtu anakuibia huku kwa fensi. Nimemwona kwa kamera. Anakata tu zile ncha za maboga yako, anatia kwa mfuko, huyo, ameenda. Nimshike ama?"

"Usimshike mtu," nikamwambia. "Nakuja mwenyewe."

Utashangaa, rafiki yangu, mtu mwenye malori kumi na manne kuwasha gari kutoka Burnsville kwa ajili ya majani ya maboga. Ndiyo, kumi na manne, na kila moja lina jina langu ubavuni kwa herufi nyekundu, asije mtu akasema hakuona. Shule sikumaliza. Waliomaliza wananiendeshea ofisi. Sijisifu, nasema yaliyopo. Wakiniuliza kazi nilijifunzia wapi, nawaonyesha lami ya ghala kubwa la Shakopee, pale malori yanaporudi kinyumenyume kupakia, nawaambia: hapo. Wanadhani natania. Hapo palikuwa na shamba, na shamba lilikuwa na mwanamke, na mwanamke yule ndiye chuo kikuu changu. Ndiyo maana mwezi wa tano nilipanda mashina matano ya maboga kwenye kipande cha udongo kilichobaki kati ya lami na fensi. Wakubwa wa ghala waliponiuliza ruhusa nimeipata wapi, niliwaambia mimi na udongo ule tulijuana kabla yao. Wakacheka, wakaniacha.

Tulimwita Oma. Ndivyo Wajerumani wanavyomwita bibi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza nimwite hivyo siku ya kwanza, akiwa amenishika kidevu kukagua kama masikio yangu ni safi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amekuja Minnesota kusoma, akatuita mimi na mama kutoka Muheza, halafu mwaka haujaisha akahamia kwa mwanamke mwingine jimbo lingine. Mama akabaki na mimi, na begi, na Kiingereza cha kuomba maji. Mtu wa kanisani akamwambia kuna mjane wa Kijerumani huko mashambani ana vyumba viwili vitupu juu ya nyumba yake, anataka mtu wa kusaidiana naye kazi. Basi tukapanda ngazi za Oma, tukakaa.

Yeye naye alikuja mgeni. Aliolewa na mkulima wa huku baada ya vita vyao, akavuka bahari akiwa na sanduku la mbao, mfarishi wa manyoya ya bata bukini, na kopo la mbegu alilolilalia njia nzima lisiibwe. Majirani walimcheka lafudhi miaka arobaini. Yeye akakamua ng'ombe, akazaa, akalea, akamzika mume, akaendelea kukamua. Nilipomkuta ng'ombe walikuwa wameshauzwa, lakini bado aliamka saa ya kukamua, akasimama jikoni akiwa amevaa aproni, akitafuta cha kukamua. Alitukamua sisi.

Jumatatu ni kufua. Jumamosi ni mkate, ule mweusi wa shayiri nyeusi, mzito kama tofali, na harufu yake ilipanda ngazi ikatuamsha kabla ya jogoo. Kule chini ya nyumba palikuwa na mtungi wa kabichi iliyochachishwa, juu yake sahani, juu ya sahani jiwe, na ole wako uliguse lile jiwe. Saa tisa alasiri kila kitu kinasimama: kahawa na keki ya tufaha, mezani, kitambaa kimepigwa pasi. Mabata bukini wakipiga kelele uani, saa ya ukutani ikigonga, mlango wa wavu ukijibamiza nyuma yangu, na sauti yake: "Viatu!" Neno moja tu. Mpaka leo madereva wangu hawaingii ofisini na matope. Mimi nami nasema neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo.

Siku moja alinisikia nikimwambia mama naenda shule. Akasimama, mwiko hewani. "Shule? Umesema Schule?" Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe neno lile walituletea wao. Tangu hapo alikuwa akiuliza neno moja la Kiswahili kila asubuhi, na kwa kuwa alinisikia nikimwita mama "Mama", naye akamwita hivyohivyo, ingawa alimzidi miaka thelathini. Mama naye anamwita Oma. Wanawake wawili wazima jikoni: "Mama, sufuria!" "Nakuja, Oma!" Mgeni angeingia asingejua nani kamzaa nani.

Mtoto wake wa kiume alifanya kazi ofisini Saint Louis Park, mtu wa tai, mwenye mikono laini kama mkate usioiva. Hakuwa mbaya. Alimwogopea mama yake tu. Mwaka wetu wa pili Minnesota, theluji ilipoyeyuka, akaja akaketi jikoni akamwambia auze shamba ahamie fleti karibu naye, penye lifti. Mimi nilikuwa ngazini, nasikia kila kitu.

"Huwezi tena peke yako," akasema. "Mwaka jana maboga yako yalijaza nusu ya banda."

"Mwaka huu litajaa."

"Na lisipojaa?"

Oma akafuta meza iliyokuwa safi. "Jumapili ya kwanza ya Oktoba uje uangalie. Sakafu ya banda ikiwa imefunikwa, ukuta hadi ukuta, hutalitamka tena neno fleti jikoni kwangu. Ikiwa wazi, naweka sahihi."

Nikapanda ngazi kumwambia mama. Alikaa kitandani akaangalia dirisha. Oma akiweka sahihi, na sisi hatuna ngazi ya kupanda.

Basi tulipanda maboga, rafiki yangu, eka nzima. Mimi na toroli la mbolea, mama na jembe, Oma mbele anapima nafasi kwa fimbo aliyoikata mwenyewe, shimo likipotoka kidogo anafukia unaanza upya. Mvua ikaja vizuri. Kufikia mwisho wa Julai huoni udongo, ni majani tu, na maua ya njano kama mtu kamwaga rangi.

Na mama yangu, mtoto wa Muheza, akaona mboga.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Miaka miwili hajala majani ya maboga, na eka nzima imemlalia miguuni. Alikuwa akienda asubuhi wakati Oma yuko kwa mabata, anakata zile ncha laini, anazimenya nyuzi, anazipika. Nazi hakuna, akatia siagi ya karanga ya kopo. Nilikula nikilamba vidole. Wala hakuona kama ni wizi. Kwetu majani ya maboga unachuma. Nani angemwambia kwamba huko Ujerumani ni boga tu linaloliwa, na jani ni la kutazama?

Oma aligundua katikati ya Agosti. Nilisikia ukelele nikadhani nyoka. Nilipofika alikuwa amepiga magoti katikati ya mashina, ameshika tawi lisilo na ncha, uso mwekundu kama sosi ya nyanya.

"Nani? Kulungu hawakati hivi! Hiki ni kisu!"

Mama akatoka jikoni na kisu mkononi. Hakujua hata kukificha.

"Mimi, Oma. Mboga."

"Umeniua! Unajua umefanya nini? Umeniulia shamba! Si ungeniuliza?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nikakoma kutafsiri, maana maneno mengine mtoto hawezi kuyapeleka kwa mama yake. Lakini mama alielewa. Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akachutama mbele ya Oma, akainua jani, akamwonyesha boga chini yake. Akanigeukia: "Mwambie. Mwambie pale tawi lilipokwisha kushika boga ndipo nakata. Likiachwa linakimbia tu, linazaa majani. Mama yangu alikata, bibi yangu alikata. Mwambie sijakata hata moja ovyo."

Nikamwambia. Oma akatazama lile boga muda mrefu. Mwanamke yule aliamini macho na mizani, basi. Si maneno ya mtu. Akaenda bandani, akarudi na bunda la kamba za kufungia nyasi kavu. Akafunga kamba kwenye kigingi upande huu, akaivuta hadi upande ule, akaligawa shamba katikati.

"Kushoto, Mama, kata. Kulia ni kwangu, usiguse. Tutapima."

Mama akaishika ile kamba, akainusa. Akacheka huku machozi hayajakauka. "Hii katani," akasema. "Mkonge. Baba yangu ameukata huu." Na kweli, kwenye karatasi ya bunda palikuwa na jina la nchi yetu. Oma akanifanya nilisome mara mbili. Usiku huo kwenye meza yetu ya juu tulikuta nusu ya mkate mweusi, na siagi.

Wiki saba zile ndizo nilizoanzia kuwa mtu. Kila nikitoka shule naenda kwenye kamba kwanza. Upande wa kulia majani yalitanda mpaka yakaruka barabara, maboga mengi, madogo, ya kijani. Upande wa kushoto matawi mafupi, yanaonekana ya kutia huruma. Lakini chini yake, bwana wee, maboga yalikuwa yanavimba kama yanapuliziwa upepo. Oma alipita pale kila asubuhi akikohoa.

Mwisho wa Septemba redio ikatangaza jalidi, ile baridi inayopaka majani chumvi nyeupe na kuua kila kilicho kibichi. Tulikuwa na siku mbili. Tuliyakata watatu. Mama anakata kikonyo, mimi nalaza kwenye toroli, Oma anaendesha trekta na tela, akipiga kelele kwa Kijerumani kwa trekta, kwa Mungu na kwangu mimi, sijui neno lipi lilikuwa la nani. Mgongo wangu haujawahi kuuma vile tena, na nimepakua malori kwa mikono hii.

Kisha akaleta mizani. Akachagua maboga kumi ya kulia na kumi ya kushoto. Kushoto ikashinda. Akakagua mizani kwa mfuko wa sukari. Akabadilisha maboga. Kushoto ikashinda tena. Akakung'uta aproni, akamtazama mama yangu.

"Hayo majani," akasema, "yanapikwaje?"

Jumapili mwanawe akaja na tai yake. Maboga ya kulia mengi hayakuiva, tuliyaacha shambani. Ya kushoto ndiyo yaliyolala bandani, safu kwa safu, rangi ya chungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanawe alitembea pembeni polepole, mikono nyuma. Nikaona uso wake unalegea. Halafu akasimama karibu na mlango, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa pako wazi."

Palikuwa wazi kweli. Nafasi ya boga moja kubwa. Mama akashika kifua. Oma akageuka kutafuta, na hapakuwa na boga jingine lililoiva shamba zima. Mimi sikufikiri. Nilipita kati ya mikono yao, nikaenda nikakaa pale, magoti kidevuni, nikajikunja mviringo.

Bata mmoja akalia nje.

Oma akanitazama, kisha akamtazama mwanawe. "Limejaa," akasema. "Huyu naye kakulia shamba hili."

Mwanawe alicheka mpaka akalegeza tai. Kisha Oma akamnyooshea boga kubwa kuliko yote: "Sasa beba lile mpaka kwenye gari lako. Peke yako." Hakufika hata mlangoni.

Neno fleti halikusemwa tena jikoni mle. Oma aliishi pale miaka kumi na miwili mingine. Mwaka uliofuata kamba ilihamishwa: shamba lote likawa la mama, isipokuwa mstari mmoja alioubakiza kwa heshima yake. Kila Jumapili ya Agosti alikula majani ya maboga kwa mkate mweusi, akisema yanahitaji chumvi. Alifia kitandani mwake, chini ya mfarishi wake, dirisha wazi upande wa shamba. Mama alimfunga aproni mpya kabla hawajamchukua.

Sasa hakuna nyumba, hakuna banda, hakuna jiwe juu ya kabichi. Mama naye ametangulia. Saa tisa alasiri hapa hainukii keki, inanuka dizeli. Wanangu nikiwasimulia wananijibu kwa Kiingereza, na nikipika majani wanataka pitsa. Lakini ukiniuliza banda lile lilikuwa wapi, naegesha lori juu yake bila kutazama kioo.

Basi Jumanne nilifika. Kwenye fensi nilimkuta mama wa Kikongo, fulana ya njano inayong'aa ya wafanyakazi wa ghala, yuko mapumziko, mfuko umejaa ncha laini. Aliponiona akauangusha.

"Pardon, papa. Miye nilizani ni majani ya pori. Batoto bananililia mboga ya kwetu."

Niliinama nikatazama mashina. Kila ncha imekatwa mbele ya boga lililokwisha kushika. Hata moja hakukata ovyo.

Nikaenda kwenye gari nikachukua kamba. Katani, sinunui nyingine. Nikafunga fensi hadi kigingi, mashina mawili na nusu huku, mawili na nusu kule.

"Kushoto ni kwako, mama. Kata utakavyo."

"Na ya kulia, papa?"

"Ya kulia ni yangu. Hayakatwi."

Akatazama kamba, akanitazama, akaanza kucheka. "Papa, utashindwa."

Mlinzi alikuwa amekuja mbio na redio mkononi. "Mzee! Sasa huyu mwizi amekuwa partner?"

"Wewe acha maneno," nikamwambia. "Nitafutie mizani kabla ya Oktoba."