Kikohozi Nilichokimeza Bwawani

Mkinisikia nakohoa kabla ya kuingia kwa watu msinionee huruma, wala msinishauri nikapime kifua, kifua changu ni kizima. Hiki kikohozi kina historia yake, na historia yenyewe ni ya aibu, tena aibu ya mchana kweupe mbele ya kijiji kizima na wageni kutoka wilayani. Kaeni niwasimulie mwenyewe, maana wengine mmesikia ile iliyotiwa chumvi (eti nilikuwa uchi kabisa, si kweli, chupi nilikuwa nayo).

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, huku kwetu Iyula, na mimi Lameki, kijana mwenye mdomo mwepesi mkutanoni, nikachaguliwa msimamizi wa bwawa la samaki. Bwawa la samaki! Sisi samaki tuliowajua ni wale wakavu wa kutoka Ziwa Rukwa, wamekunjamana, unatafuna mpaka taya linauma. Akaja bwana samaki wa wilaya na vifaranga vya perege ndani ya pipa, akatuambia huko baharini meli kubwa zinakomba samaki kuliko wanavyozaliana, na huko Asia watu wanafuga samaki tangu zamani, na siku inakuja dunia nzima itakula samaki wa kufugwa kama inavyokula kuku. Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi niliamini kila neno, nikawa nashinda bwawani nikiwarushia pumba za mahindi na kuwasemesha.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Agnesi, na bahati mbaya ndiye mama wa binti niliyekuwa nimemposa. "Samaki huvuliwa," alikuwa akisema, "anayewalisha pumba ana lake kichwani." Posa yangu haikukataliwa, haikukubaliwa, ilikaa tu, na wakati huohuo kuna mfanyabiashara wa Tunduma, mwenye lori, alikuwa ameanza kupita pale nyumbani kwao na sukari mkononi.

Sasa mjue, kwetu siku zile mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hata mchumba tu, ukishapeleka posa, unaanza kukwepa. Mkisikiana njiani mmoja anakohoa, mwingine anageukia pembeni, heshima inabaki mahali pake. Mama mkwe akiwa na neno kwako na hana wa kumtuma, analiambia jembe lake, na wewe unasikia. Kukohoa tu, jamani! Mtoto mchanga anaweza.

Siku ya kuvua kwa mara ya kwanza niliamka na suruali mpya ya bugaluu, ile pana chini, maana wageni walikuwa wanakuja na nilitaka Agnesi anione nimesimama kando ya bwana samaki. Nikatangulia bwawani kukagua kizibo. Maji yalikuwa yakitolewa kwa gogo lililotobolewa, limepita chini ya tuta, na tulikuwa tumeliziba kwa kipande cha mgomba kilichofungwa gunia. Nikaona kinavuja. Nikasema bugaluu hii haiguswi na tope, nikaivua, nikaitundika kwenye mpera pale ukingoni, nikaingia majini na chupi yangu kukikandamiza kizibo kwa mguu.

Mara nasikia sauti ya Mama Agnesi kwenye kinjia cha kwenda bustanini kwake. Bustani yake ya kabichi ilikuwa bondeni, chini kidogo ya bwawa. Kikohozi kilinifika hapa kooni. Nikawaza: nikikohoa atajua niko hapa, na akijua niko hapa atajua niko na chupi. Nikakimeza. Nikazama mpaka shingoni, nikajificha kwenye matete palepale penye kizibo, nikangoja apite.

Hakupita. Alikaa ukingoni, kando ya mpera, yeye na Agnesi wake, jembe magotini.

"Mwanangu," akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "nafikiri tumpe yule mwenye lori."

"Mama, ngoja kwanza samaki watoke," Agnesi akajibu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka (nikajua analia, roho ikaniuma sana).

"Basi leo ndiyo leo. Samaki wakitoka, vizuri. Wasipotoka, lori."

Kusikia lori, nikakikanyaga kizibo vibaya kikachomoka. Maji yakaanza kunguruma ndani ya gogo. Nikaingiza mguu kuziba, hautoshi. Nikaona bora nikalie tundu lenyewe, nikalikalia, na maji yakanivuta yakaninasa pale kama nimepigiliwa msumari. Hayakuzibika. Yalipita pembeni, na bwawa likawa linashuka taratibu, mabega nje, kifua nje, kitovu nje, mimi nimefumba macho kama vile nisipoona sitaonekana. Perege wakaanza kurukaruka wakinipiga mashavuni.

Ndipo nikasikia ngoma. Wageni wamefika, kijiji kizima nyuma yao wanaimba, bwana samaki mbele na karatasi ya hotuba mkononi. Wimbo ukakatika katikati.

Nikajinasua kwa nguvu zangu zote, na lile gogo likaja nami, na tuta likamegeka. Maji, tope, perege, vyote vikaporomoka hadi kwenye kabichi za mama mkwe. Nikabaki nimesimama katikati ya bwawa tupu, natiririka tope, mbele ya watu wote wa Iyula ninaowajua.

 Kisha Mama Agnesi akageuza uso pembeni, akaliinamia jembe lake.

"Ewe jembe," akasema, "mwambie mtu aliyemo bwawani kwamba nimeacha kitenge hapa ukingoni. Na mwambie samaki wake wameharibu kabichi zangu, lakini wamenenepa."

Watu wakalipuka kwa kicheko, halafu wakakimbilia bondeni na vikapu, wanaokota perege kwenye matuta ya kabichi. Bwana samaki akakunja hotuba yake, akawaambia wageni kijiji hiki kimegundua namna ya kuvua bila nyavu. Na mimi nikawapokea wageni wa wilaya nimevaa kitenge cha mama mkwe, chenye majogoo, nikitabasamu kama kichaa.

Jioni Agnesi akaniletea suruali yangu, aliyokuwa ameitungua mperani nilipofumba macho. Wala hakuwa analia kule bwawani, alikuwa anajizuia asicheke. "Mama aliiona bugaluu mperani tangu mbali," akaniambia. "Akasema, mwenyewe yumo humo majini, tukae tusikie atakohoa lini." Yale ya lori yote alikuwa ananisemea mimi. Na baada ya kucheka mpaka machozi, mama yake alisema mtu anayekubali kukalia tundu la maji kuliko kumkosea heshima hatampata tena, sukari ya Tunduma irudishwe.

Tukaoana. Bwawa tulilijenga upya, na leo nikienda Tunduma naona perege wa kufugwa kutoka nchi za mbali, wamegandishwa kwenye maboksi, wamepangwa sokoni, na namkumbuka bwana samaki tuliyemcheka. Lakini mimi siku hiyo niliapa kwamba kikohozi sitakimeza tena maishani, kwa mtu yeyote, hata kama nimevaa vizuri.

Mama mkwe sasa ni bibi kizee, haoni sawasawa. Jembe lile lililika likaisha, umebaki mpini, ndio anaoutembelea. Juzi nilifika uani kwake nikakohoa, nikakohoa tena kwa nguvu, nikasubiri. Nikamsikia anaugonga mpini chini.

"Ewe mpini," akasema, "mwambie aliye nje nimemsikia. Muulize kwanza, amevaa?"