Seli Kumi na Sita, Mafungu Manne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa mkanda. Nilikuwa nimepanda kilima cha Kilimatinde na shati jipya, kijana aliyetoka chuo cha ufundi anajiona anajua umeme, na Mkuu wa Kituo cha mitambo ya simu hakuniuliza hata jina. Alinitazama kiunoni akasema, "Vua huo. Vua na saa. Hicho chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kitakuwa chekundu kabla hujamwita mama yako." Nikaingia chumba cha betri nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja.

Betri za enzi zile zilikuwa za risasi na asidi, kila moja kimo cha debe. Kazi yangu ilikuwa kuziongezea maji ya betri, kupima asidi kwa kipimo cha kioo, na kusugua ule ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vyake. Mashati yangu yote yalitoboka. Lakini ukiikosea betri ya asidi inanuna kwanza, inadhoofika kidogo kidogo, inakupa nafasi ya kujirekebisha. Mkuu wa Kituo alizikagua kila asubuhi kabla hajagusa chai, na akikuta moja ina kiu, siku yako imekwisha. Nilimchukia miaka yote niliyofanya naye kazi. Leo natamani angekuwepo nimlalamikie.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilianza kwa furaha, nisiseme uongo. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikaja, watu wakavaa. Kisha zamu yetu ikafika. Tuliambiwa shirika letu la simu ni mzigo kwa taifa. Wakaja wataalamu wakagawa: mnara kwa huyu, nyumba za wafanyakazi kwa yule, kiwanja kwa mwingine, na sisi tukapunguzwa kazi. Siku ya kukabidhi funguo Mkuu wa Kituo aliniambia, "Elia, mmoja wamemuuzia ukuta, mwingine wamemuuzia dari. Sasa nani atalala humu?" Akarudi kwao Manyoni. Chumba cha betri kiligeuzwa ghala la mahindi.

Baada ya hapo niliokota vibarua kwa wakandarasi wa minara ya simu za mkononi. Nilikuwa na Msimamizi wa Kanda ambaye sura yake siijui mpaka leo, kwani alikuwa sauti kwenye simu tu, na kila miaka michache ilikuwa sauti ya mtu mwingine. Huko ndiko nilikokutana na betri za lithiamu, hizi za aina ya chuma na fosfati ambazo vijana mnaziona ni kitu cha kawaida. Ni nzuri kuliko zangu, nakiri. Hazitaki maji, hazinuki, na hazishiki moto ovyo. Tatizo lake ni kwamba hazinuni. Seli yake ukiisukumia chaji kupita kiasi inavimba, ukiikamua mpaka mwisho inakufa, na ikishakufa hakuna fundi wa kuifufua.

Kwa sababu hiyo hufungwa pamoja na bodi ya ulinzi, ambayo mafundi tunaiita BMS. Ni kibao kidogo chenye nyaya nyembamba, kila seli na waya wake. Kinazipima zote muda wote. Seli moja ikijaa mapema kinaipunguza ili zile nyingine zifike, na moja ikikaribia kuisha, hata kama nyingine zina nguvu, kinakata umeme wote. Watu walikichukia kwa jambo hilo. Waliniambia kinakata wakati betri bado ina moto. Niliwaeleza kuwa kinamlinda yule mnyonge, maana yeye akifa wote wamekwisha. Wakacheka wakasema basi mnyonge aende hospitali.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kijiji kimoja upande wa Ulemo, karibu na kwetu. Kampuni ya umeme wa jua iliniajiri, ikajenga mtambo nyuma ya zahanati: paneli juani, kabati la seli kumi na sita ndani, na nyaya za kwenda kwenye vitongoji vinne. Wananchi walichimba mashimo ya nguzo kwa majembe yao. Sista Neema, muuguzi wa zahanati, alipata friji ya chanjo na taa juu ya kitanda cha kuzalishia. Kabla ya hapo alizalisha huku amebana tochi kwa meno. Taa ilipowaka mara ya kwanza alicheka kama mtoto, na mimi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe.

Kisha kampuni ikafunga biashara. Injinia wa Mradi alikuja na gari mara ya mwisho, akawaambia watu barazani, "Kuanzia leo huu mtambo ni wa wananchi wote." Alipeana nao mikono vizuri tu, akaondoka.

Mchwa wakala nguzo. Vitongoji viwili vya mbali vikawa gizani, na nguzo mpya hazikupatikana. Niliomba halmashauri, niliomba kanisani na msikitini. Masika moja ikapita, na ya pili ikapita. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya umeme akaitisha mkutano kwenye ghala la alizeti.

Mzee mmoja wa kitongoji cha mbali ndiye aliyeanza. "Sisi tulichimba mashimo kama ninyi. Mtambo ni wa wananchi wote au wa wanaokaa karibu na zahanati?"

Alikuwa na haki.

Walitaka seli zigawanywe, na walikuwa wameshapiga hesabu. Seli kumi na sita kwa vitongoji vinne ni nne nne, na seli nne zikiunganishwa zinatoa volti kumi na mbili, sawasawa na betri ya gari. Redio itaimba, simu zitachaji. Ninyi mnaosoma msiwacheke, hesabu yao haikuwa na kasoro.

Nilisimama. "Ndugu zangu, hiyo bodi ni moja na imetengenezwa kwa seli zote kumi na sita. Mkizitenganisha hazina mlinzi. Na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa friji, haitakubali volti kumi na mbili. Sista atarudi kwenye tochi."

"Fundi, unatuombea au unawaombea wa hapa?" mama mmoja akauliza.

"Nipeni muda mpaka mavuno haya tu nitafute nguzo."

"Mavuno gani tena?" Baada ya hapo wakaacha Kiswahili wakahamia Kinyiramba, wote kwa pamoja, na nikajua nimeshindwa. Sista Neema alikuwa amekaa mlangoni na sare yake. Alikuwa akinitazama mimi.

Waligawa kwa adabu kabisa, kama nyama ya shughuli, kila fungu na mwenyewe. Mimi ndiye niliyefungua kabati, maana nilihofia wangejiunguza. Friji ilinyamaza mbele yetu. Mwisho mwenyekiti akainua ile bodi na nyaya zake zinaning'inia. "Na fundi asiondoke mikono mitupu. Ametutumikia vizuri. Hili ndilo fungu lako, mzee." Watu wakapiga makofi, na walipiga kwa moyo. Nikaipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kukata tamaa na wanadamu kama siku ile, na hakukuwa na hata mmoja wa kumkasirikia.

Huo ndio ukawa ustaafu wangu. Nafuga kuku, napalilia vitunguu. Chanjo sasa zinakuja kwa pikipiki kutoka Kiomboi ndani ya kasha la barafu, zikiwahi.

Mwaka huu Sista Neema alikuja nyumbani anatokwa jasho, viatu vimejaa vumbi. "Shikamoo, mzee. Nimezunguka vitongoji vyote. Wamekubali kurudisha seli. Hata wale wa mbali! Nguzo watatoa wenyewe, kila kaya. Bodi unayo bado?"

"Ninayo."

"Basi itawaka?"

Niliwahi kupita nikaziona hizo seli. Nyingine zilivimba zikapasua masanduku yake, nyingine mita yangu ilisoma sifuri. Nilimwambia ukweli: wangekubaliana msimu ule ule wa kugawana ingewaka, lakini sasa hakuna hata nne zilizo hai.

Alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu akakung'uta mchanga, akakivaa tena. "Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Hakuna kati yetu aliyewaambia. Jumapili walianza kuzileta, wakitoka ibadani, wengine wamezifunga kwenye khanga kwa uangalifu. Zimejaa barazani kwangu. Kila anayeweka yake chini ananishika mkono ananishukuru, kisha ananiuliza ni lini.