Bati Lililoonekana Baridi Kutoka Angani

Sioni fahari kusimulia jinsi wafanyabiashara wa soko la Old Town, mjini Lilongwe, walivyoiona chupi yangu, lakini kwa kuwa mkasa huu umeshatiwa chumvi pale kambini Dzaleka (wapo wanaoapa kwamba nilianguka, nami sikuanguka), ni heri muusikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi, niliyefundisha jiografia Bukavu kabla ya kuwa mkimbizi, nilikuwa nikijaribiwa kazi na daktari mmoja wa Kimalawi (wa shahada, si wa sindano), mwanamke aliyechunguza joto la mji wa Lilongwe kwa picha za setelaiti. Nikifaulu, ningekuwa msaidizi wake. Nikishindwa, ningerudi kambini kukaa bure. Agizo lake lilikuwa fupi: nipime mabati kwa kipimajoto, nisibishane na mtu.

Nilibishana. Katika picha ya setelaiti aliyonipa, penye joto palikuwa peupe na penye ubaridi peusi, na safu ya maghala yenye mabati mapya, alikouzia vitenge Mama Zaina wa Kindu, ilikuwa nyeusi tii. Nikamtangazia kwamba hapo ndipo penye ubaridi kuliko pote sokoni.

"Baridi?" alicheka, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Papa Prof, humu ni furu, tanuri ya mikate!"

"Mama, hayo ni maneno ya watu. Setelaiti haina umbeya."

"Na hiyo setelaiti yako ilishaikaliaka hii bati?"

Soko likaangua kicheko, nami, badala ya kutoa kipimajoto mfukoni, nikaomba ngazi, nikapanda jua likiwa la utosi, nikaketi juu ya bati kwa utulivu wote wa mwalimu (utulivu uliodumu pumzi moja), nikaruka, na msumari ukabaki na sehemu ya nyuma ya suruali yangu.

"Papa Prof, baridi inakuuma?" akauliza Mama Zaina, akinirushia kitenge.

Nilishuka nimejifunga kitenge, nikamkuta daktari chini ya ngazi. Hakucheka. Alinieleza mbele ya wote kwamba bati linalong'aa hutoa mionzi michache ya joto hata likiwa linaunguza, hivyo setelaiti hulidhania baridi. Nikajua kazi imekwenda. Nikamkabidhi kipimajoto, akakitazama, akanirudishia.

"Kesho asubuhi, mzee. Na upime kwa hiki, si kwa makalio."

Nikaapa: uvumi ni uvumi, uwe wa jirani au wa setelaiti, sitausema kabla ya kupima. Kazi niliianza kesho yake, na kila nilipokaribishwa kiti, nilishukuru nikiwa nimesimama.